Pesa ya Korosho Isiishie Kwenye Pikipiki

Kila msimu, malipo ya minada ya korosho yakianza kuingia benki, wauza pikipiki wa Masasi, Newala na Tandahimba hawana muda wa kukaa. Wateja wao wengi wanaongozwa na imani moja, ambayo imerudiwa vijijini mpaka imegeuka kanuni: ukishika milioni mbili tatu za mkupuo, nunua pikipiki, mkabidhi kijana, upokee hesabu kila jioni. Chombo kitajirudisha chenyewe.

Hakijirudishi. Imani hii inawafilisi wakulima wa Kusini mchana kweupe, na wanaoieneza ni watu wazima wenye heshima zao, wanaoamini kwamba wanatoa ushauri wa busara.

Tuelewane kwanza ni pesa ipi ninayoizungumzia. Oktoba 2024, katika mnada wa kwanza wa wakulima wa Tandahimba na Newala, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mkulima aliyepanga mwaka wake kwa bei ya 2,000 alijikuta na ziada ambayo hakuitegemea. Karo imelipwa, madeni ya dukani yamefutwa, bati zimenunuliwa, na bado kuna kitu. Hiyo ndiyo pesa inayokimbilia kwenye pikipiki, na hakuna aliyemhakikishia mkulima kwamba mwakani itakuja tena. Mwaka 2018 wanunuzi na wakulima walishindwana bei hadi Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi Jeshi kazi ya kuzisomba. Wapo waliosubiri malipo yao kwa miezi.

Sasa tupige hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tufanye pikipiki mpya, pamoja na usajili na bima, imekugharimu milioni tatu. Tufanye kijana anakuletea shilingi 5,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 130,000 kwa mwezi. Utahitaji takriban miezi 23 kurudisha mtaji tu, kabla hujaonja senti ya faida, na hapo nimejifanya sijui kwamba pikipiki hulala gereji. Nimeacha tairi, cheni na sproketi, klachi pleti na betri. Nimeacha siku ambazo dereva anaumwa. Nimeacha ajali, na bima ndogo ambayo wengi hukata hailipi matengenezo ya chombo chako mwenyewe. Baada ya miezi hiyo 23 kwenye vumbi na makorongo ya barabara zetu za vijijini, utabaki na chombo kinachokula oili, chenye ringi zilizochoka.

Halafu kuna jambo ambalo washauri wetu hawalitaji kabisa. Pesa ya korosho huingia kijiji kizima kwa wakati mmoja. Ukinunua wewe, amenunua na jirani, na shemeji yako, na mwenyekiti wa kitongoji. Kijiwe kilichokuwa na pikipiki sita kinaamka na kumi na nne, na abiria ni walewale. Novemba na Desemba hali inadanganya, kwa sababu kila mtu ana pesa na kila mtu anataka kupakiwa. Ikifika Machi watu wanatembea kwa miguu. Hapo ndipo simu za jioni zinapoanza: "Mzee, leo hesabu haijatimia." Kesho yake, "Mzee, nimemwaga oili, naomba unielewe." Kijana hasemi uongo. Abiria hakuna. Lakini mzee anaona anaibiwa, anamnyang'anya chombo, anampa mwingine, na undugu unavunjika kwa sababu ya hesabu ambayo tangu mwanzo haikuwa na pa kutoka.

Hasara kubwa, hata hivyo, iko shambani. Nenda Tandahimba mwezi wa Juni au Julai, kabla jua halijachomoza. Upepo umetulia, umande bado uko kwenye majani. Mtu amebeba mashine ya kupulizia mgongoni, petroli imechanganywa na oili kwenye tangi, bomba ameelekeza juu. Unga wa njano wa salfa unapanda katikati ya matawi na kunata kwenye majani machanga na mashada ya maua. Jua likipanda na upepo ukianza, unga unapeperuka bure, kazi ya siku imekwisha. Salfa hiyo inatakiwa kurudiwa kila baada ya siku 14 hivi, na viuatilifu vya maji kila baada ya siku 21. Ukichelewa, ubwiriunga unayafunika maua kwa ukungu mweupe kama majivu, yanakauka, yanadondoka, na hakuna dawa itakayoyarudisha mtini.

Asiye na mashine husubiri zamu. Mwenye mashine hupuliza shamba lake kwanza, kisha la ndugu zake, kisha la anayelipa taslimu. Mwenye pikipiki yake kijiweni, ambaye mwezi Juni hana taslimu, hufikiwa wakati maua yameshaungua. Na akibanwa zaidi, hubisha hodi kwa mtu wa kangomba, yule mlanguzi wa nje ya mnada, na kumwuzia kwa bei ya kutupa korosho ambazo bado hazijadondoka, ili apate pesa ya kupulizia, ya chakula, au ya kutengenezea injini ya pikipiki ileile. Tunapiga kelele kila mwaka dhidi ya kangomba, tunaitisha mikutano, tunakamata magunia usiku. Hatusemi kwamba kangomba ya Juni mara nyingi imezaliwa Novemba, dukani, mkulima alipokabidhi ziada yake yote.

Mashine nyingi za kupulizia zinapatikana kwa chini ya nusu ya bei ya pikipiki. Chukua mkulima mwenye mikorosho 100. Kupuliza kwa wakati kukimwongezea kilo tano tu kwa kila mti, hizo ni kilo 500. Hata kwa bei ya wastani ya 2,500, ni shilingi 1,250,000 kwa msimu mmoja, mbali na atakacholipwa akipulizia majirani. Kinachobaki kwenye ile milioni tatu baada ya kununua mashine kinatosha kupogolea, kununua maturubai ya kuanikia, na kuweka akiba ya kuvuka Machi hadi Septemba bila kumwona mtu wa kangomba.

Nitaambiwa Serikali inagawa salfa na viuatilifu vya ruzuku, kwa hiyo mkulima hahitaji kutumia chake. Salfa iliyo kwenye mfuko haipandi mtini. Inahitaji mashine, na inahitaji mashine hiyo alfajiri ileile inayotakiwa. Nitaambiwa pia mashine inalala nusu mwaka wakati pikipiki inafanya kazi daima. Pikipiki inatembea daima, ni kweli, lakini kutembea si kuingiza. Na nitaambiwa vijana watakosa kazi. Kijana wa bodaboda ni mchapakazi na namheshimu. Anayeendesha pikipiki yake mwenyewe, au anayeitumia kubebea mizigo yake ya shambani, simgusi. Lakini kijijini penye pikipiki nyingi kuliko abiria, kumwongezea kijana mshindani mwingine si kumpa kazi.

Kanuni ninayoitetea haiishii kwenye korosho. Mama fundi nguo aliyepokea mchezo wake, ambaye kila gauni analipeleka kwa jirani kupigwa ovaloki kwa malipo, anunue ovaloki. Fundi wa mageti anayekodi mashine ya kuchomelea kila apatapo oda, anunue ya kwake. Kila mmoja anajua mahali ambapo kazi yake inavuja pesa, kwa sababu analipa hapo kila wiki. Hapo ndipo pesa ya mkupuo inatakiwa kuziba kwanza.

Viongozi wa vyama vya msingi, maofisa ugani, masheikh na mapadri, na wazee ambao vijana huwauliza wafanye nini na pesa: acheni kuwaelekeza watu dukani kwenye pikipiki. Msimu ujao, kabla malipo hayajaingia, mwulizeni kila mkulima swali moja: mashine ya kupulizia unayo? Kama hana, hiyo ndiyo ya kwanza kununuliwa.