Bati moja tu, injini inachemka

Ndugu mwandishi, makala yako imepita haraka mno kwenye mabati ya injini ya gari la Beetle la zamani. Injini hiyo haina rejeta. Feni huvuta hewa baridi, na mabati ndiyo huzuia joto la silinda na ekzosi lisivutwe tena.

Gari langu nililinunua bila bati la nyuma, lile linalokaa juu ya ekzosi. Kila nikipanda kutoka Isiolo kwenda Timau, oili inakuwa nyepesi kama maji, na nikisimama taa yake inawaka. Fundi mmoja akasema ni uzee. Uzee gani? Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1962!

Kirinyaga Road, Nairobi, nilipata bati moja, limeoza kingo zote. Hatimaye fundi wa jua kali alikata jipya kutoka kwa mlango wa gari bovu, tukipima kwanza kwa kadibodi. Pigo la mwisho lilipoisha, likakaa kimya kabisa, halitetemeki.

Jamani, msitupe yale mabati madogo ya chini, kati ya silinda! Mwenye bati dogo la ziada Meru au Nanyuki aniambie, nitalifuata mwenyewe.