Mfalme Lóegaire: Aliamini au Alikataa?

Ayalandi wana kisa mashuhuri cha karne ya 5. Mfalme Lóegaire wa Tara aliamuru, usiku wa sikukuu yake, mtu asiwashe moto kabla haujawashwa wa jumba lake, atakayethubutu auawe. Mmisionari Patrick akawasha wake wa Pasaka huko Slane, mfalme akauona. Hapo ikawa vita vya miujiza baina ya Patrick na waganga wa mfalme.

Mwisho wake je? Muirchú, mwandishi wa kanisa, ati mfalme aliona heri aamini kuliko kufa. (Imani hiyo!) Tírechán, mwenziwe wa zama zilezile, asema hakuamini: babake, Niall, alimwusia azikwe Tara na silaha zake, kama aliye vitani, akiwaelekea mahasimu wake wa Leinster.

Wote wawili ni watu wa kanisa, nao waliandika yapata miaka 200 baadaye. Mimi nashika riwaya ya Tírechán, kwani nani humzulia mpinzani wake uthabiti? Isitoshe, Patrick mwenyewe aliacha maandishi, na mna wana wa wafalme waliomfuata. Lóegaire hamtaji. Angelimpata mfalme wa Tara, kisha anyamaze?