Tozo ya Miamala: Mzigo Mdogo Kwenye Bega la Nani?

Tarehe 15 Julai, 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kutoza tozo ya kutuma na kutoa fedha kwa njia ya simu, kufuatia marekebisho ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa yaliyofanywa kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Kiwango kilikuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila muamala, kulingana na kiasi cha fedha. Lengo lilielezwa bayana: kupata fedha za madarasa, vituo vya afya na barabara za vijijini. Miaka miwili baadaye, sehemu kubwa ya tozo hiyo ilikuwa imefutwa. Safari yake inastahili kutazamwa upya, kwa kuwa inaonesha jinsi sera ya mapato inavyomgusa mwananchi wa kipato cha chini.

Hoja iliyoizaa tozo ilikuwa na uzito. Wananchi wengi hujipatia riziki katika kilimo na biashara ndogondogo zisizo rasmi, hivyo kodi ya mapato hubebwa na wachache. Simu, kwa upande mwingine, imefika karibu kila kijiji. Ilionekana kwamba kila mmoja akichangia kidogo, Taifa litapata kikubwa bila kukopa. Zipo tarafa zilizopata kituo cha afya kwa fedha hizo, na mama mjamzito aliyepunguziwa mwendo wa kwenda kujifungua hawezi kuambiwa kuwa mchango huo ulipotea bure.

Hata hivyo, tozo ilimkuta mlipaji mahali tofauti na kodi nyingine. Kodi ya mshahara humsamehe mfanyakazi ambaye mapato yake yanayotozwa kodi hayazidi shilingi 270,000 kwa mwezi, kwa kutambua kwamba kiasi hicho hutosha kwa shida mahitaji ya lazima. Tozo haikuuliza mtumaji anapata kiasi gani. Mlinzi, mhudumu wa hoteli na mfanyakazi wa nyumbani, ambao sheria ya kodi ya mapato imewaachia, walikutwa na tozo pale walipotuma fedha kwa wazazi.

Bajeti ileile ya 2021/22 ilipunguza kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8. Kwa mwenye mapato yanayotozwa kodi ya shilingi 400,000, nafuu hiyo ni shilingi 1,300 kwa mwezi. Aliyekuwa na wategemezi kadhaa mikoani angeweza kuimaliza nafuu yote katika miamala yake ya mwezi mmoja, na asiyefikia kiwango cha kukatwa kodi hakupata nafuu yoyote ya kufidia.

Aidha, fedha zilezile zilitozwa mara mbili: zilipotumwa na zilipotolewa kwa wakala. Mila ya Watanzania ya kutuma fedha pamoja na "ya kutolea" iliufanya mzigo wote umwangukie mtumaji, juu ya ada ya kampuni ya simu ambayo tayari ina kodi ndani yake. Tozo iliyopangwa kwenye muamala iligeuka kuwa tozo kwenye wajibu wa kifamilia.

Malalamiko yalisikika mapema. Kuanzia Septemba 2021 viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Katika mwaka wa fedha 2022/23 kiwango cha juu kilishushwa hadi shilingi 4,000, lakini wigo ukapanuliwa na kuingiza miamala ya benki, hatua iliyoibua mjadala mpya. Kuanzia Oktoba 1, 2022 baadhi ya makato yalifutwa, yakiwemo ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu, na ya kutoa fedha taslimu benki kwa kiasi kisichozidi shilingi 30,000. Bajeti ya 2023/24 ikafuta tozo ya kutuma fedha, ikibakiza ya kutoa.

Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa na upande wa pili. Bajeti hiyohiyo iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, sawa na shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mzigo uliotoka kwenye simu ukapata mlango mwingine. Dereva wa bodaboda huulipa kituoni, mkulima huulipa gari linapobeba mahindi yake kwenda sokoni, na anayejenga chumba kimoja kwa miaka mitatu huulipa mfuko baada ya mfuko. Tofauti ni kwamba tozo ya simu ilisomeka kwenye ujumbe wa muamala, ilhali hii imejificha ndani ya bei, na kisichoonekana hulalamikiwa kidogo.

Maendeleo hayaji bila kodi, na madarasa hayajengwi kwa maneno. Swali ni nani anaulizwa kwanza. Mabadiliko yote manne yalifanyika baada ya mwananchi kukatwa, wakati hesabu ya athari kwa kaya yenye kipato cha chini ingeweza kuwekwa mezani pamoja na muswada, kabla ya Bunge kuupitisha. Msamaha wa shilingi 270,000 kwenye mshahara na ule wa shilingi 30,000 benki vinathibitisha kuwa kumkinga mnyonge kunawezekana kisheria. Kinga ya namna hiyo ikiwekwa tangu mwanzo, kila tozo mpya inapobuniwa, mfanyakazi hatalazimika kungoja mwaka mzima ili kilio chake kiwe marekebisho.