Mikoko Si Miti ya Matope

Liko neno linalosemwa na watu wengi wa mwambao, kwamba mikoko ni miti ya matope: haina tunda la kuliwa, haina kivuli cha kupumzikia, tena ni maskani ya mbu. Mwisho wa neno hili ni shoka. Mimi nalipinga, na nawaomba wanafunzi wasomao kurasa hizi wapime ushahidi kabla ya kutoa hukumu.

Mahali pa kulipimia ni Faza, mji wa kale ulio kaskazini ya kisiwa cha Pate. Faza haina mto wa maji matamu. Mito yake ni mahori ya bahari, yajaayo na kupwa mara mbili kwa siku, na msitu wa kando ya mito hiyo ni mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika Lamu. Basi kama mikoko ni takataka, watu wa Lamu ni matajiri wa takataka. Na kama ni hazina, wao ndio walinzi wa hazina ya taifa zima.

Tuanze bara, ambako jambo hili huonekana upesi. Kijito kilichofunikwa na miti hupata jua kidogo, kwa hivyo mimea ya majini ni haba. Chakula chake hutoka juu: jani huanguka, hulowa, kisha wadudu wa majini hulitafuna vipande vipande. Wadudu hao huliwa na wana wa kereng'ende na samaki. Katika vijito vinavyolisha Mto Mara wataalamu wameona kuwa wadudu watafunao majani ni wengi penye msitu, na hupungua penye mashamba. Kaa wa maji matamu naye yumo katika kazi hiyo. Miti ikikatwa, maji hupata joto, udongo humomonyoka, mtafunaji hukosa riziki, na amlaye mtafunaji humfuata katika njaa.

Baharini wadudu ni wachache mno, lakini kazi yao haikuachwa bila mtendaji. Katika mahori ya mikoko watafunaji ni kaa na tondo. Kaa huburuta jani mpaka shimoni mwake akala sehemu; mabaki huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, yakawa lishe ya viumbe vidogo vinavyoliwa na kamba na samaki. Shimo la kaa nalo hupitisha maji na hewa katika tope zito, na mizizi ikafaidika. Katikati ya mizizi hiyo kamba wachanga na samaki wachanga hujificha mpaka wakomae. Mvuvi wa Faza au wa Kizingitini akitweka tanga kwenda mbali, baadhi ya samaki atakaowaleta pwani wamelelewa chini ya mti alioudharau.

Mpinzani atasema, "Na mbu je?" Sitamficha kitu. Mbu wako katika mikoko. Yuko mmoja, aliyepewa na wataalamu jina la kisiwa cha Pemba, ambaye hutaga mayai yake juu ya miguu na magando ya kaa. Jambo hilo la ajabu lilitangazwa mwaka 1957. Lakini kuwako kwa mbu si hoja ya kukata msitu. Mbu waambukizao malaria katika nchi zetu aghalabu hupenda vidimbwi vilivyotuama na vilivyo wazi kwa jua. Akatae mti na kuacha mashimo yaliyojaa maji amemwondolea mbu paa, akamjengea kitanda. Atakaye kupigana na mbu na afukie madimbwi, afunike mapipa, alale chandaruani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo yastahili heshima: maskini ajenge kwa nini? Fito, pau, mazio na boriti vimejenga nyumba za mwambao kwa karne nyingi, na majahazi yalivipeleka Uarabuni na Ghuba. Mwenye watoto wa kulisha haambiwi, "Tazama mti kwa macho." Wala sheria haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1932 mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali. Mwaka 1982 kuipeleka nje kulikatazwa. Mwezi wa Februari 2018 ukataji katika misitu ya umma ulisimamishwa nchini kote. Mkono uliofumbuka kupita kiasi, kisha ukafumbwa kupita kiasi, haumlei mtoto wala mti.

Kwa hivyo siupingi mti mmoja ukatwao kwa haja na kwa kipimo. Napinga kufyekwa kwa hori zima bila kubakiza mti mzazi. Mkoko hauangushi mbegu kavu; huangusha mche uliokwisha kuchipua ungali juu ya mamaye. Ukiua mama wote wa mahali pamoja, utangoja watoto kutoka wapi?

Mwaka 1587 Wareno waliushambulia mji wa Faza, wakaua watu, wakakata na minazi kwa maelfu. Walijua kuwa kumwadhibu mtu kikamilifu ni kumwangusha yeye pamoja na mti wake. Tendo walilolifanya adui kwa uhasama, sisi tutalifanya kwa hiari na kuliita maendeleo?

Njia nyingine iko, na si ndoto. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, wanakijiji hulinda na kupanda mikoko, na tangu mradi wa Mikoko Pamoja ulipoanza kazi mwaka 2013 wamelipwa fedha kwa hewa chafu ambayo miti yao huihifadhi. Fedha hizo zimesaidia maji na shule. Mti uliosimama umewalipa, na kesho utasimama tena.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashua ya mvuvi imeundwa na fundi. Samaki aliyemo ndani yake ameundwa na jani, tope na kaa. Msomaji, umwonapo mtu anashika shoka na kusema mikoko haina faida, muulize jana usiku alikula kitoweo gani.