Kukataa Si Uhaini



Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasiwatoe vijana wao kuwa vibarua wa Mwingereza. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka. Agosti 1914, mwezi ule ule Uingereza ilipoingia vita vya Ulaya, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kisha ikadai vijana wakabebe mizigo ya jeshi. Kosa lao lilikuwa kukataa.

Sisi wa Vitengeni twasema: kukataa kwa amani si uhaini. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kuandamana bila silaha. Lakini kaulimbiu inayoimbwa barabarani, kisha ikauzwa kwa kilo ya unga, ni kelele tu. Mekatilili alidai kiapo. Tuseme, na tutimize.