Kiroba Kilichokuwa Kinalia

Majirani wa Njombe na Makambako.

Jumapili iliyopita, nikitoka ibadani, nilikuta kiroba kando ya barabara ya Songea, pale Makambako. Kimefungwa kamba ya katani, na kinalia. Nilipokifungua, vitoto vya paka vitano. Viwili vilishakufa kwa baridi. Jumanne yake, mtaani kwetu, mtu akatega dagaa waliopakwa sumu ya panya. Paka shume aliyelengwa hakuguswa. Walikufa kuku watatu wa mama mmoja mjane.

Paka tunawaita wenyewe: utumbo wa samaki nje ya mlango, vifaranga wasio na banda, jiko lenye majivu ya moto. Kwa baridi hii ya Juni, hata mimi ningelala jikoni kwenu.

Ila jamani, kutupa vitoto na kutega sumu ni unyama! Wewe umtupe wako kwangu, mimi nimtupe kwa mwingine, tumefukuza nini? Paka jike hubeba mimba miezi miwili tu, kisha anaanza upya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008, nasi tunafunga viroba. Na sumu haina macho. Kesho dagaa yule ataokotwa na mtoto anayetambaa.

Tazameni nyua zetu za mabanzi. Pale paka anapopenya utaona manyoya yamenasa kwenye msumari. Pigilia banzi jingine papo hapo. Rundo la kuni lililoegemezwa uzioni ndiyo ngazi yake, lisogeze. Banda la kuku livikwe wavu hadi juu, lifungwe kabla ya magharibi. Tuta la mchicha analolifukua, litandikie matawi ya miiba. Mwenye paka amlishe kwake, amwone ofisa mifugo kuhusu kuhasi na chanjo ya kichaa cha mbwa, maana si mbwa peke yake anayekiambukiza. Paka aking'ata au kukwaruza mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Nawasihi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukimaliza usafi, asirudi mtu nyumbani. Njooni na nyundo na misumari, tuanze na uzio wa yule mama mjane. Mabanzi ninayo mimi.