Jina la kazi na kazi yenyewe



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, tunapoandikisha watoto, kuna mstari mmoja kwenye fishi unaotuchelewesha: kazi ya mama. Wengi hujibu, "Andika tu menajere." Wengine husema, "Hakuna, mwalimu, mimi ninakaa tu." Na huyo anayekaa tu ameamka saa kumi na moja alfajiri, amechota maji, amepeleka mihogo kwenye mashini ya kusaga, na mgongoni anabeba mtoto wa dada yake aliyeuawa shambani.

Juma hili tuongee juu ya hilo neno "tu".

Tukumbuke wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, ukafika Beni, hapa kwetu Oicha, Butembo na Katwa. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto.

Kulikuwa na shida moja ambayo waganga na wauguzi peke yao hawakuiweza. Mama akiingia kituo cha matibabu, mtoto wake mchanga ambaye hajaugua alipaswa kutengwa naye na kuangaliwa siku 21. Nani atambeba? Jamaa waliogopa, na woga wao ulikuwa na sababu. Muuguzi aliyefunikwa mwili mzima, na miwani na glavu, alimtisha mtoto; tena joto la yale mavazi halikumruhusu kukaa nayo muda mrefu.

Walioweza ni wale waliopona. Miili yao ilikuwa imepata kinga, kwa hiyo waliweza kumpakata mtoto kwa mikono yao. UNICEF na wenzake walifungua nyumba ya kulelea watoto hao karibu na kituo cha matibabu cha Beni, kisha Butembo, na waliopona wakawa walezi. Wengine waliingia hadi ndani ya kituo, kukaa na watoto wagonjwa.

Wengi wao hawakusomea uuguzi. Wengi walikuwa wametoka kufiwa na watu wa nyumba yao kwa ugonjwa uleule. Na kazi yao ilikuwa nini? Kunywesha maziwa, kubadilisha nguo, kupima joto, kuimba mpaka mtoto alale, kugundua mapema kwamba leo huyu hachezi kama jana. Ni ile kazi ambayo kwenye fishi ya shule tunaiita "hakuna".

Kisha riposti ilifungwa. Mikataba ikaisha, beji zikaisha. Cheo kilitoka ofisini, kikarudi ofisini. Lakini yule aliyejua kumtuliza mtoto wa mtu mwingine usiku mzima hakuacha kujua.

Nayasema haya kwa sababu wengi kati yetu tumepoteza jina la kazi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yametutoa mashambani. Aliyeitwa mulimaji upande wa Eringeti au Mayi-Moya, leo anaitwa muhami, yaani mtu wa kuhesabiwa kwenye orodha ya msaada. Jina limebadilika. Je, ujuzi wa kuchagua mbegu umepotea? Uwezo wa kupatanisha majirani wawili umebaki kule porini? Hapana. Umekuja nao.

Kwa hiyo, mama, ukitaka kujua wito wako, usianze kwa kuuliza kazi yako inaitwaje. Uliza: nikiacha kesho, nani atakosa nini? Jibu likiwa na jina la mtu, tayari unao wito, hata kama hauna muhuri.

Lakini tusidanganyane. Neno "wito" lina hatari yake, na sisi walimu tunaijua. Walimu wengi nchini bado ni N.U.: wanafundisha kila siku na serikali haijaanza kuwalipa. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure, Septemba 2019, hata ule mchango wa wazazi uliowasaidia ulikoma. Mtu akikuambia, "Huu ni wito, vumilia," muulize kama yeye mwenyewe anapokea mshahara. Wito unaeleza kwa nini unafanya kazi. Haufuti deni la anayekutumikisha. Wale walezi wa Ebola walilipwa, na ilikuwa haki.

Kwa mkutano wa kikundi juma hili, baada ya kuhesabu pesa za likelemba, chukueni muda kidogo kwa mambo matatu:

1. Kila mama amtaje mwenzake aliye kando yake, na aseme kazi moja anayoifanya ambayo watu wanaitegemea. Asijisemee mwenyewe, tunajua tutasema "hakuna".

2. Ujuzi gani uko katika kikundi na umelala kwa sababu mwenyewe alihama au alipoteza shamba? Nani anaweza kumfundisha kijana mmoja?

3. Kazi gani tunamfanyisha mama mmoja bure kwa sababu "ana moyo mzuri"? Tutamshukuru kwa kitu gani: sahani ya unga, zamu ya kumchotea maji, au sehemu ya likelemba?

Na mwaka ujao wa masomo, mwalimu akikuuliza kazi yako, itaje yote. Tutatafuta nafasi kwenye mstari.